Aliyeua na Aliyemshika: Hukumu ya Mtwara Katika Mizani ya Fiqhi

Jumatatu ya tarehe 23 Juni 2025, Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, iliwahukumu maofisa wawili wa Jeshi la Polisi kunyongwa hadi kufa. Mmoja ni Gilbert Kalanje, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya ya Mtwara. Wa pili ni ofisa mwenzake, Charles Onyango. Askari wengine watano, waliosimama nao kizimbani kwa shitaka lile lile moja, waliachiwa huru siku hiyo hiyo. Jioni yake, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, na kutoka Naliendele mpaka hapa kwetu Mtawanya, hapakuwa na baraza lililokuwa na mazungumzo mengine.

Tusijifiche mbele ya wasomaji wetu. Jioni ile nasi tulikuwa barazani, baada ya swala ya Magharibi, na tulisema waliyoyasema wengi: walishitakiwa saba, imekuwaje wahukumiwe wawili? Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo ya msikiti, mtu mzima mwenye elimu yake, alitusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akatuuliza: “Ninyi mnaotaka wote saba, mnajua kila mmoja alifanya nini?” Hakuna aliyejibu. Makala haya yametokana na kunyamaza kule.

Kwa walio mbali na kusini, tukumbushe kisa chenyewe. Aliyeuawa alikuwa kijana, mfanyabiashara wa madini, mwenyeji wa Nachingwea mkoani Lindi. Askari walimkamata mwishoni mwa mwaka 2021 kwa tuhuma za wizi, na katika upekuzi zikachukuliwa fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 30. Alipoachiwa alizidai fedha zile. Mwanzoni mwa Januari 2022 alikuja Mtwara kuzifuatilia, na ndugu zake hawakumwona tena akiwa hai. Mabaki ya mwili wake yalipatikana porini. Askari saba walifikishwa mahakamani kabla mwezi ule haujaisha. Mwenzao mwingine hakufika kizimbani, kwani alifia mahabusu, na Jeshi la Polisi likaeleza kuwa alijinyonga. Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alilizungumza jambo hili hadharani akiwa mkoani Mwanza. Alihoji vipi polisi wajichunguze wenyewe, na akamwagiza Waziri Mkuu aunde timu ya kulichunguza.

Jina la marehemu limetajwa vya kutosha. Sisi hatulitaji, kwa heshima ya mama yake, ambaye hana haja ya kulikuta tena katika kurasa za familia akiwa anatafuta kitu cha kuwasomea wajukuu.

Kinachotushughulisha ni jambo ambalo kila mzazi wa Kiislamu atakutana nalo siku moja, mahakamani au nje yake. Watu wakikusanyika na mtu akafa, dhambi na adhabu hugawanywaje? Yuko aliyetoa wazo, yuko aliyeita, yuko aliyeshika mikono, yuko aliyefunga mlango, na yuko aliyesimama nje akijua kinachotendeka ndani. Yuko pia aliyeambiwa baadaye abebe kitu mpaka porini naye akabeba. Je, wote ni wauaji?

Saba kwa mmoja

Wanaodai kuwa Uislamu unaruhusu wote wauawe hawasemi uongo. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliwaua watu watano au saba kwa ajili ya mtu mmoja waliyemuua kwa hila, na akatamka kwamba lau watu wote wa San'aa wangeshirikiana katika damu ile, angeliwaua wote. Imam Bukhari naye amelitaja tukio hilo. Idadi ile, watano au saba, ilitushitua tulipoifungua tena, maana ni idadi ya kizimba chetu cha Mtwara. Jamhuri ya wanachuoni, wakiwemo maimamu wanne kwa kauli zao mashuhuri, wameshika njia hiyo. Hoja yao iko wazi: kama kundi lingesalimika kwa sababu tu ni kundi, basi kila anayetaka kuua angetafuta wenzake wa kumsaidia, na kisasi ambacho Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Baqara kuwa ndani yake mna uhai kingekosa maana.

Lakini jambo halikuishia hapo, na wasemaji wa barazani hapa ndipo wanapochoka kusoma. Wapo waliopinga. Imepokewa kwa Ibn Zubayr, na kwa baadhi ya wanachuoni waliomfuata, na ndiyo njia ya Dawud adh-Dhahiri, kwamba nafsi nyingi haziuawi kwa nafsi moja, kwa kuwa aya ya Suratul Maida imetaja nafsi kwa nafsi. Na hata hao waliokubali kundi liuawe, wameweka sharti: kila mmoja awe ameshiriki katika kitendo chenyewe cha kuua. Wote wamepiga, au wote wamesukuma, au wote wamekaba. Aliyekuwepo bila kutia mkono ana mlango wake mwingine wa hukumu.

Mlango huo ndio wa aliyeshika. Ipo hadithi aliyoipokea Imam Daraqutni kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), ambayo wataalamu wamejadiliana juu ya isnadi yake, yenye maana kwamba mtu akimshika mwenziwe na mwingine akamuua, aliyeua atauawa na aliyeshika atafungwa. Sayyidna Ali (r.a.) amepokewa kuhukumu hivyo hivyo, kifungo kikiwa mpaka mauti, na mojawapo ya riwaya za Imam Ahmad inafuata hukumu hiyo. Kwa Mashafii na Mahanafi, kisasi ni cha aliyeua kwa mkono wake, na aliyeshika atatiwa adabu kwa kadiri atakavyoona kadhi. Imam Malik ameligawa suala kwa nia. Ikiwa aliyeshika alijua kuwa mwenziwe anakusudia kuua, wote wawili watauawa. Ikiwa alidhani ni kipigo kama watu wanavyopigana, basi aliyeua atauawa, na aliyeshika ataadhibiwa vikali na kufungwa mwaka mmoja.

Mwaka mmoja, na upande wa pili kifo. Tofauti yote hiyo imesimama juu ya kile kilichokuwa moyoni mwa aliyeshika mikono ya marehemu kwa muda mfupi tu. Kadhi alitakiwa aketi na swali hilo, alichunguze, aulize mashahidi, na akipata shaka asimwage damu kwa shaka. Tunakiri kwamba barazani hatukuketi na swali lolote. Tulihesabu vichwa tu.

Ipo nukta nyingine inayogusa kisa hiki kwa karibu. Wanachuoni wa Kimaliki wanatofautisha uuaji wa kawaida na uuaji wa hila, yaani mtu kuvutwa mahali penye amani kisha akauawa kwa ajili ya mali yake. Kwao aina hii ya pili ina hukumu ya uharamia, na warithi wa damu hawana mamlaka ya kuisamehe, kwa kuwa waliotishwa ni watu wote. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, hawakuweka tofauti hiyo. Kwao warithi wanabaki na hiari tatu, yaani kisasi, diya au msamaha, na wanaweza kumsamehe mmoja wa wauaji na kumdai mwingine. Hata mrithi mmoja akisamehe, kisasi kinaanguka. Tukizitazama kauli hizi mbili mbele ya kisa cha kijana aliyekwenda kudai fedha zake kwa watu waliopewa dhamana ya kulinda mali za watu, tunaelewa vizuri kwa nini Imam Malik alisimama pale. Hata hivyo moyo wetu unaelekea kwa Mashafii. Mama wa marehemu ana haki ya kuulizwa.

Sheria ya nchi haimuulizi. Hapa Tanzania jinai haihukumiwi kwa fiqhi, na warithi wa damu hawana sauti katika adhabu. Msamaha uko mikononi mwa Rais peke yake, kwa mujibu wa Ibara ya 45 ya Katiba. Mama anaweza kuja mahakamani kama shahidi, au akaketi nyuma kama msikilizaji.

Kapu moja

Tuione na sheria yenyewe. Sura ya 16, Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 22 inawahesabu kuwa wakosaji wakuu aliyetenda kosa, aliyesaidia, aliyewezesha na aliyeshawishi. Kifungu cha 23 kinaongeza kuwa watu wakiwa na dhamira moja ovu, na katika kuitekeleza likatokea kosa ambalo ni matokeo yanayotarajiwa ya dhamira ile, kila mmoja anahesabiwa amelitenda. Aliyewasaidia wauaji baada ya kosa, kwa mfano kuwaficha wasiadhibiwe, ana kifungu chake cha 213 na kifungo kisichozidi miaka 7. Mpaka hapo sheria na fiqhi zinakaribiana, kwani Umar (r.a.) na kifungu cha 23 wangeelewana kwa mengi.

Zinapoachana ni katika adhabu. Kifungu cha 197 kinamwambia Jaji kwamba akishamwona mtu na hatia ya kuua kwa kukusudia, hukumu ni kifo. Jaji hana la kuchagua. Aliyekaba na aliyeshika mlango, wakishaingizwa wote ndani ya neno kuua kwa kukusudia, wanatoka na kamba moja. Yule kijana wa bodaboda aliyewabeba watu wawili usiku akijua wanakwenda kufanya nini, akawasubiri chini ya mwembe injini ikinguruma, naye anaingia katika kapu lile lile. Na kwa sababu kapu ni moja, Jaji anabaki na njia mbili tu kwa mtu ambaye ushiriki wake ni mdogo au haukuthibitika vyema: amtundike, au amwachie aende nyumbani. Hatudai kuwa hivyo ndivyo Jaji wa Mtwara alivyowaza. Waliachiwa watano kwa kuwa mahakama haikuona shitaka limethibitika dhidi yao, na aliyeachiwa na mahakama hana hatia, asiitwe muuaji sokoni wala msikitini. Tunachosema ni kuwa sheria yenyewe haina ngazi za katikati, nao mafakihi walizijenga tangu karne za mwanzo.

Malalamiko haya si ya kwetu peke yetu, wala hayakuanza leo. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kuwa adhabu ya kifo ni ya kikatili, inadhalilisha na inakwenda kinyume na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani, katika shauri lile lile la Mbushuu, ilikubali kuwa ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Kisha likaja shauri la Ally Rajabu na wenzake wanne, watu waliohukumiwa kifo kwa mauaji ya mtu mmoja, na rufaa yao ikagonga mwamba. Walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019 mahakama ile iliamua kuwa kumlazimisha Jaji kutoa hukumu ya kifo, bila kumwachia nafasi ya kuangalia hali ya mkosaji na kosa lake, ni kuvunja haki ya kuishi, na ikaiagiza Tanzania iondoe ulazima huo katika sheria zake. Juni 2025, Mtwara, ulazima ulikuwa bado upo.

Jirani zetu walikwisha kulipita. Mahakama ya Juu ya Kenya iliuondoa ulazima huo Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu. Uganda ilitangulia, mwaka 2009, katika shauri la Susan Kigula na wafungwa wenzake zaidi ya 400, na kisa cha Kigula kinafaa kutazamwa kwa jicho la makala haya. Alikuwa amehukumiwa kifo mwaka 2002, pamoja na msichana wa kazi za nyumbani, kwa mauaji ya mwenzi wake. Bi mkubwa wa nyumba na mtumishi wake walipewa adhabu moja. Baada ya uamuzi wa 2009 majaji waliruhusiwa kupima upya, na wanawake wale wawili wakapewa vifungo vya miaka, wa mtumishi kikiwa kifupi kuliko cha bibi yake. Kigula aliachiwa mwaka 2016, akiwa amesoma sheria akiwa gerezani. Hatusemi kila mkosaji ni Kigula. Tunasema tu kwamba palipokuwa na nafasi ya kupima, mtumishi na bibi walionekana kuwa watu wawili.

Na hapa kwetu kuna jambo la ajabu. Mahakama zinahukumu kifo, magereza yana mamia wanaosubiri, lakini kamba haijatumika tangu mwaka 1994. Hayati Rais Magufuli, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma Septemba 2017, alisema waziwazi kuwa anaona uzito kuidhinisha mtu anyongwe. Matokeo yake, aliyehukumiwa hafi wala haishi. Naye aliyefiwa ameambiwa kuwa haki imetendeka, lakini haioni haki hiyo wala hajaombwa msamaha na yeyote. Katika fiqhi, mambo haya mawili yalifungwa pamoja: kisasi kinachotekelezwa, au msamaha wenye diya inayofika mkononi mwa yatima. Sisi tuna kisasi kisichotekelezwa na msamaha usioulizwa. Tunaliona hili ni baya kuliko kila moja ya njia zile mbili, ingawa tunajua wapo ndugu zetu, wanaharakati na masheikh, watakaotupinga kwa sababu zinazotofautiana kabisa.

Aliyeamrishwa

Tulirudi kwa yule mzee siku chache baadaye, kwa kuwa lilibaki swali moja lililotukera. Polisi ni watu wa amri. Mdogo akiambiwa na mkubwa wake ashike, atafanyaje?

Mzee alitutolea Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani hii wamekisoma wakiwa wamekaa juu ya mikeka. Kwa Mashafii, alisema, mwenye mamlaka akiamrisha mtu auawe kwa dhulma, na mtekelezaji hakujua kuwa ni dhulma, damu iko juu ya aliyeamrisha. Mtekelezaji akijua kuwa ni dhulma, na hakuna aliyemtishia nafsi yake, damu iko juu yake yeye. Na lau alilazimishwa kwa tishio la kuuawa, basi kwa kauli yenye nguvu zaidi wote wawili, aliyelazimisha na aliyelazimishwa, wanastahiki kisasi, kwa kuwa nafsi yako haina thamani zaidi ya ile unayoambiwa uitoe. Abu Hanifa anambebesha aliyelazimisha peke yake. “Chagueni mtakalo,” mzee akasema akifunga kitabu, “lakini hamtapata imamu aliyesema kwamba cheo cha bwana mkubwa kinamsafisha mdogo anayejua.”

Tukamuuliza kuhusu ile aya ya 33 ya Suratul Israa, inayompa walii wa aliyedhulumiwa mamlaka na papo hapo kumkataza asivuke mpaka katika kuua. Wafasiri wengi wamesema kuvuka mpaka ni kumuua asiyekuwa muuaji, au kuua wengi kwa mmoja kama walivyofanya Waarabu wa jahiliya waliodai vichwa kumi kwa kichwa cha mkubwa wao. Akatutazama. Hakukumbusha tuliyoyasema jioni ile, wala hakuhitaji.

Wiki iliyofuata alitujia mama mmoja wa hapa Mtawanya, ambaye tumemfahamu kwa miaka. Mwanawe alikuwa ameitwa chuo cha polisi, Moshi. Kijana alifurahi, na baba yake akafurahi, kwa kuwa korosho za mwaka ule hazikutosha hata ada za wadogo zake. Mama peke yake hakulala. Alituuliza kama amzuie, maana yeye alikuwa amemsikia kila mtu barazani akisema polisi wote ni wale wale.

Hatukumwambia amzuie. Tulimwambia tuliyoyasoma kwa mzee, juu ya anayeamrishwa naye anajua, na tukamwandikia kwa Kiswahili cha kawaida katika karatasi ya daftari, nusu ukurasa. Mama hajui kusoma vizuri, kwa hiyo alimpa binti yake wa darasa la sita amsomee mara mbili, pale pale kibarazani, na akamsimamisha katika neno “anajua” amrudie. Kisha akaikunja akaiweka ndani ya mkoba wa kijana, kati ya vyeti vyake vya shule na mfuko wa korosho zilizobanguliwa, na alfajiri ya siku ya pili wakamsindikiza stendi.